Amana ya nyumba: Anachoweza kukata landilodi mpangaji anapohama

SIKU ya kuhama, mizigo ikiwa imekwisha kupangwa juu ya pikapu na watoto wakingoja kando ya barabara na masufuria, ndipo keyateka hutokea na karatasi mkononi. Rangi, Sh6,000. Kusafisha nyumba, Sh2,000. Kitasa cha mlango wa choo, Sh1,500. Bomba la sinki, Sh1,000. Balbu tatu, Sh600. Mpangaji aliyeweka amana ya Sh12,000 alipoingia miaka mitatu iliyopita huambiwa arejee mwisho wa mwezi akachukue Sh900.

Karatasi za aina hiyo huandikwa kila mwisho wa mwezi katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na wengi wanaokabidhiwa huzikunja wakazitia mfukoni na kwenda zao. Gari limekodiwa kwa saa, jua linazama, na landilodi wa nyumba mpya naye anataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana yake kabla ya kutoa ufunguo. Familia nyingi hutarajia amana ya zamani iilipie ile mpya. Ikizuiliwa hata kwa wiki mbili tu, hukopa, au karo ya shule huguswa.

Hata hivyo, si kila kitu kilichoandikwa katika karatasi hiyo ni halali kukatwa. Vingine ni halali kabisa. Makala haya yanaeleza tofauti, na njia iliyopo kwa mpangaji au mwenye nyumba anayeona amedhulumiwa.

Fedha za nani?

Neno lenyewe linasema mengi. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine. Aliyeipokea anaishika, haimiliki. Landilodi anayeichanganya na kodi na kuitumia kumalizia ghorofa ya tano huwa ametumia fedha ambazo siku moja atatakiwa kuzitoa, na hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Ukweli ni kwamba baadhi ya makato hubuniwa kwa sababu fedha hazipo tena. Husubiriwa mpangaji mpya alete amana yake ndipo aliyehama alipwe.

Kwa kawaida mikataba ya nyumba za kuishi nchini huitisha amana ya kodi ya mwezi mmoja au miwili, pamoja na kiasi kidogo cha maji na stima. Kazi yake ni kufidia kodi ambayo haikulipwa, bili zilizoachwa, na uharibifu uliofanywa na mpangaji au watu wake. Nje ya hayo, landilodi hana sababu ya kuigusa, isipokuwa mkataba umetaja jambo jingine waziwazi na mpangaji akalikubali.

Mkataba si lazima uwe karatasi iliyopigwa muhuri na wakili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi miaka miwili, hata ukiwa wa maneno matupu. Kwa hivyo mpangaji wa chumba kimoja huko Pipeline ambaye hakutia sahihi popote bado ana mkataba na bado ana haki. Kinachomtatiza ni kuthibitisha walichoafikiana.

Uchakavu na uharibifu

Kifungu cha 66 cha sheria hiyo ya 2012 kinamtaka mpangaji kuirejesha nyumba katika hali aliyoikuta. Lakini sheria haikuishia hapo. Mpangaji hawajibiki kwa hali iliyosababishwa na uchakavu wa kawaida, wala kwa moto, mafuriko au ajali ambayo haikutokana na uzembe wake, wala kwa fujo za raia, radi, dhoruba au tetemeko la ardhi. Masharti haya huhesabiwa kuwa ndani ya mkataba hata kama mkataba wenyewe haukuyataja.

Uchakavu wa kawaida ni ule unaoletwa na kuishi tu. Rangi hufifia upande wa dirisha. Zulia hulala mahali pa kupita, na kitasa hulegea kwa kufunguliwa mara ishirini kwa siku. Mpira wa bomba hukatika, balbu huungua. Ukutani hubaki kivuli cha mahali kabati lilipokuwa. Hakuna aliyekosea hapo. Nyumba imetumika, na kodi iliyolipwa kila mwezi ndiyo bei ya matumizi hayo.

Uharibifu ni jambo lingine. Mlango uliovunjwa kwa teke, kioo kilichopasuliwa na mpira wa watoto, vigae vilivyopasuka baada ya mtungi wa gesi kuangushwa, soketi iliyoungua kwa kuunganishwa nyaya kiholela, shimo la ukutani lililotobolewa ili kutundika runinga bila ruhusa: haya ni ya mpangaji kulipa. Hata mgeni wake akiyafanya, ni juu yake.

Kati ya hayo mawili kuna eneo lenye ukungu, na katika hali nyingine ni ukungu wa kweli. Ukuta wa bafu ukifanya weusi, landilodi husema mpangaji hakufungua dirisha, mpangaji akasema bafu halina dirisha la kufungua. Paa likivuja, maji yakishuka ukutani, kosa si la mpangaji. Lakini je, alisema? Mahakama moja nchini Uingereza iliamua mwaka 1928, na mahakama ya juu kabisa ya huko ikaukubali uamuzi huo mwaka 1959, kwamba kigae cha paa kikianguka kwa uchakavu mpangaji hadaiwi kigae. Ila akikaa kimya mwaka mzima mvua ikiingia hadi dari na kuta zikaoza, hawezi kusema nyumba yote iliyooza ni uchakavu. Sheria yetu ya mikataba na ya upangaji imechota mengi kutoka huko, na mawakili wetu hunukuu maamuzi ya namna hiyo. Funzo kwa mpangaji ni dogo na la manufaa: kitu kikiharibika chenyewe, mwandikie landilodi siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu.

Wakazi wa Pwani wana tatizo lao. Nyumba iliyo karibu na bahari, Nyali au Likoni, hushambuliwa na chumvi iliyo hewani. Grili za madirisha hushika kutu, bawaba hugandamana, na rangi hububujika na kupukutika kabla ya miaka miwili. Kumtoza mpangaji gharama ya kutu iliyoletwa na bahari ni kumtoza kwa kuwa aliishi Mombasa.

Ugomvi wa rangi

Hakuna kato linalozua ubishi kama rangi. Mikataba mingi iliyoandaliwa na mawakala ina sharti kwamba mpangaji anapohama atapaka nyumba yote rangi mpya, mikono miwili, ya aina iliyokuwepo, la sivyo gharama itatolewa katika amana. Mpangaji hutia sahihi bila kusoma kwa kuwa anataka ufunguo.

Sharti likiwa limeandikwa hivyo na mtu mzima amelikubali, ni vigumu baadaye kulikana. Mahakama kwa kawaida haziwaandikii watu mikataba upya. Lakini kuna mawili ya kuuliza. Kwanza, je, nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya mpangaji alipoingia? Anayedai irejeshwe kama alivyoitoa hawezi kudai zaidi ya alichotoa. Pili, je, rangi hiyo kweli inapakwa? Kuna ploti ambazo kila anayehama hukatwa fedha za rangi na kila anayeingia hukuta ukuta uleule wenye alama za vidole vya watoto wa mpangaji wa mwaka juzi. Huko ni kutoza wapangaji watatu kwa ndoo moja ambayo haijanunuliwa.

Pale ambapo hakuna sharti kama hilo, tunarejea kwenye Kifungu cha 66, na rangi iliyofifia ni uchakavu. Ukuta uliochorwa kwa kalamu za nta kutoka sebuleni hadi jikoni si uchakavu.

Hesabu ya hasara

Hata pale mpangaji anapokuwa na hatia, hatozwi bei ya kitu kipya kila mara. Kanuni ya fidia ni kumrudisha aliyepata hasara mahali alipokuwa. Haikukusudiwa kumpandisha juu ya hapo.

Tuchukue mfano. Kupaka rangi sebule kunagharimu Sh6,000, na tukadirie kwamba rangi hiyo, bila balaa lolote, ingedumu miaka minne. Mpangaji amekaa miaka mitatu, na watoto wake wamechafua ukuta. Landilodi alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja tu wa rangi, na huo ndio aliopoteza. Robo ya Sh6,000 ni Sh1,500. Akikata Sh6,000 zote, huyo anayehama atakuwa amemnunulia mwenye nyumba miaka mitatu ya rangi ambayo hatakuwepo kuiona.

Sheria za Kenya hazina jedwali linalosema zulia hudumu miaka mingapi. Hesabu hii ya kugawa kwa umri wa kitu ndiyo inayotumiwa na wasuluhishi wa migogoro ya amana nchini Uingereza, na inatokana na kanuni ileile ya fidia inayofuatwa hapa. Mpangaji anaweza kuiweka mezani, na landilodi mwenye busara ataikubali kuliko kuburutana mahakamani.

Jambo jingine linalosahaulika ni risiti. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha, ndivyo isemavyo Sheria ya Ushahidi. Landilodi anayesema kitasa ni Sh1,500 aonyeshe risiti ya duka la vifaa na malipo ya fundi. Makadirio yaliyoandikwa na keyateka kwa kalamu, bila hata jina la fundi, ni maneno tu. Kama kitasa kimoja ndicho kilichovunjika, kinachotozwa ni kimoja, hata kama landilodi ameamua kubadilisha vyote sita vifanane.

Ushahidi huanza siku ya kuingia

Kosa kubwa la wapangaji ni kungoja siku ya kuhama ndipo waanze kubishana kuhusu hali ya nyumba ilivyokuwa miaka mitatu nyuma. Wakati huo ni neno la mmoja dhidi ya la mwingine, na mwenye fedha ndiye mwenye nguvu.

Kabla ya kuingiza hata kiti, pita chumba kwa chumba pamoja na landilodi au mtu wake. Fungua kila bomba, washa kila swichi, vuta maji ya choo, funga na ufungue kila mlango. Andika kilicho kibovu: kioo chenye ufa, kigae kilichokatika, sinki linalovuja. Wote wawili mtie sahihi na kila mmoja abaki na nakala. Wakala akikataa kutia sahihi, piga picha na umtumie yeye mwenyewe kwa simu siku hiyohiyo, ili tarehe ijiandike. Soma pia mita ya maji na uinakili.

Malipo ya amana yapitie njia inayoacha alama. Anayelipa kwa M-Pesa au benki ana ushahidi. Anayempa keyateka noti mkononi hana, na makeyateka hubadilika. Ni vyema risiti ieleze kando kiasi cha kodi na kiasi cha amana, kwa maana wapo walioambiwa baadaye kwamba kile walichodhani ni amana kilikuwa "ada ya kuingia". Na kama anayepokea ni wakala, muulize kama amesajiliwa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984 inataka wanaofanya kazi hiyo wawe wamesajiliwa na bodi husika. Wakala wa mkoba, anayefungua ofisi leo na kesho mlango umefungwa, amewaacha wengi wakihangaika kati yake na landilodi, kila mmoja akisema amana iko kwa mwenzake.

Siku ya kuhama, mzunguko huo urudiwe nyumba ikiwa tupu na imefagiliwa. Shimo la msumari hujazwa kwa gharama ndogo mno ukilijaza mwenyewe, na balbu ni vivyo hivyo. Mpangaji anayeacha takataka na jiko lenye masizi amempa landilodi sababu halali ya kukata fedha za usafi.

Notisi na mwezi wa mwisho

Makato mengine hayahusu uharibifu hata kidogo. Ni adhabu ya notisi. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, na imalizike katika siku ambayo kodi hulipwa. Kwa hivyo anayelipa kodi tarehe mosi na kutoa notisi tarehe 10 Juni hajamaliza wajibu wake tarehe 10 Julai. Atawajibika hadi tarehe mosi Agosti. Wengi hupoteza amana nzima kwa kutojua hesabu hii, kisha wakalaumu rangi.

Wapangaji nao wamejifunza hila yao. Kwa kuogopa kudhulumiwa, husitisha kodi ya mwezi wa mwisho na kumwambia landilodi ajikate katika amana. Inaeleweka, lakini ni kukiuka mkataba, na ina hatari yake. Chini ya Sheria ya Kunadi Mali kwa ajili ya Kodi, Sura 293, mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kutuma dalali mwenye leseni akamate vyombo. Isitoshe, landilodi huachwa bila chochote cha kufidia mlango uliovunjwa. Wenye nyumba wengi wanaoonekana wakali leo waliwahi kuamka asubuhi wakakuta nyumba tupu, bili ya maji ya miezi minne na sinki limeng'olewa. Nao wana mikopo ya benki ya kulipa.

Ikumbukwe kwamba nguvu hiyo ya kukamata vyombo ni ya kodi peke yake. Keyateka anayezuia runinga au godoro langoni hadi rangi ilipwe hana sheria inayomruhusu.

Pa kulalamikia

Hapa ndipo sheria za Kenya zinapomwacha mpangaji njia panda. Kuna Mahakama Maalumu ya Kodi chini ya Sura 296, lakini inashughulikia nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kilikuwa na maana zamani. Siku hizi katika miji mikubwa kinawaacha nje wapangaji wengi. Kuna pia mahakama ya nyumba za biashara chini ya Sura 301, ya wenye maduka, hoteli na mikahawa. Mpangaji wa nyumba ya kuishi ya Sh12,000 hana lake katika hizo zote mbili.

Kwa muda mrefu kilichobaki kilikuwa mahakama ya hakimu, na hakuna mtu angemlipa wakili ili kufuatilia Sh11,100. Hali ilibadilika kiasi Aprili 2021, Mahakama ya Madai Madogo ilipoanza kazi Milimani, Nairobi, kabla ya kuenezwa katika miji mingine. Mahakama hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya fedha zilizopokewa na kushikiliwa na mtu kwa niaba ya mwingine. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, kanuni za ushahidi hazikazwi kama kwingine, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Landilodi naye anaweza kuleta dai lake la uharibifu papo hapo, yakapimwa pamoja. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu.

Kabla ya kufika huko, mwandikie landilodi barua. Taja tarehe uliyoingia na uliyotoka, kiasi cha amana, makato unayoyakubali na unayoyapinga, na siku unazompa alipe. Ambatisha picha. Usikatae yote kwa hasira. Anayekubali kulipia kioo alichokivunja huaminika anapokataa kulipia rangi. Barua kama hiyo peke yake humaliza migogoro mingi, kwani landilodi huona kwamba huyu ameweka kumbukumbu.

Wakenya wanaokwenda kusoma au kufanya kazi Uingereza hukuta utaratibu tofauti. Huko, tangu Aprili 2007, landilodi katika England na Wales kwa kawaida haruhusiwi kukaa na amana apendavyo. Ni lazima aiweke katika mpango uliotambuliwa na serikali, na sasa ana siku 30 za kufanya hivyo. Asipotii, mahakama inaweza kumtoza hadi mara tatu ya amana. Mzozo wa makato hupelekwa kwa msuluhishi huru bila malipo, na pande mbili zikishindwa kuthibitisha, fedha humrudia mpangaji. Tangu 2019 amana katika England haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi.

Hapa nyumbani, Muswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa mwaka 2021 ulikusudia kuunganisha Sura 293, 296 na 301 kuwa sheria moja, ili wapangaji wa nyumba za kuishi wa kodi ya juu ya Sh2,500 nao wawe na mahakama yao. Bunge lililomaliza muhula wake 2022 liliondoka bila muswada huo kuwa sheria.

Aliyehama zamani na kukata tamaa asidhani mlango umefungwa. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura 22, inatoa miaka sita kwa madai ya mikataba, kuhesabiwa tangu siku amana ilipopaswa kurudishwa. Tatizo ni kwamba ujumbe wa M-Pesa na picha hupotea simu inapobadilishwa au kuibwa. Ni afadhali kuzichapisha kwenye karatasi mapema, pale saibakafe ya mtaani, na kuziweka pamoja na mkataba.